Prosesa Mbili za Seva: Uwezo Wake na Thamani Yake

Seva ni kompyuta inayozitumikia kompyuta nyingine. Benki inapotunza hesabu za wateja wake, hospitali inapohifadhi habari za wagonjwa, au chuo kinapokokotoa takwimu za mvua za miaka mingi, kazi hiyo aghalabu hufanywa na seva iliyowekwa katika chumba cha peke yake, usiku na mchana. Ndani ya seva imo prosesa, yaani kipande cha silikoni chenye mabilioni ya transista, ambacho ndicho kinachotekeleza amri zote za programu.

Bei ya prosesa moja ya seva yaweza kuzidi bei ya kompyuta kadhaa za mezani. Basi yeyote anayenunua, hasa kwa fedha za umma na za kigeni, hana budi kufahamu anacholipia. Mwaka 2019 ulileta mfano mzuri wa kujifunzia jambo hili. Mwezi wa Aprili mwaka huo kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa prosesa iitwayo Xeon Platinum 8280. Mwezi wa Agosti kampuni ya AMD, nayo ya Marekani, ikatoa EPYC 7742. Zote mbili zimekwisha kufuatwa na vizazi vipya, lakini kanuni zinazojitokeza katika kuzilinganisha hazijachakaa.

Takwimu za msingi

Prosesa ya siku hizi hugawanyika katika viini. Kila kiini ni kama mfanyakazi mmoja anayeweza kushughulikia kazi yake mwenyewe. Xeon 8280 ina viini 28. EPYC 7742 ina viini 64. Viini hufuata mapigo ya saa ya umeme, na mapigo hayo hupimwa kwa gigahezi, yaani mabilioni ya mapigo kwa sekunde. Kasi ya msingi ya Xeon ni gigahezi 2.7 nayo yaweza kupanda hadi 4.0, ile ya EPYC ni 2.25 nayo hupanda hadi 3.4. Kiwango cha joto kilichowekwa ni wati 205 kwa Xeon na wati 225 kwa EPYC.

Bei iliyotangazwa ilikuwa dola 10,009 kwa Xeon na dola 6,950 kwa EPYC. Mtu akigawanya bei kwa idadi ya viini ataona kwamba kiini kimoja cha Xeon kiligharimu dola 357 hivi, na kiini kimoja cha EPYC dola 109 hivi. Kwa hesabu hiyo peke yake, shauri lingekuwa limekwisha. Lakini hesabu hiyo haitoshi.

Chanzo cha tofauti ya bei

Yafaa kwanza ieleweke ni kwa nini AMD iliweza kutoa viini vingi kwa bei ndogo. Prosesa hukatwa kutoka sahani nyembamba ya silikoni, na hakuna sahani isiyokuwa na dosari. Mathalani, sahani yenye dosari 10 ikikatwa vipande vikubwa 40, vipande 10 vyaweza kuharibika, yaani robo nzima. Sahani hiyo hiyo ikikatwa vipande vidogo 320, vitaharibika vipande 10 tu, yaani kama asilimia 3. Ni sawa na fundi mwenye kitambaa chenye madoa: akishona mashuka atapoteza kitambaa kingi, akishona leso atapoteza kidogo.

Viini vyote 28 vya Xeon vimo katika kipande kimoja kikubwa. EPYC imeundwa kwa vipande tisa: vinane vidogo vyenye viini vinane kila kimoja, na kimoja cha katikati kinachoviunganisha na kumbukumbu kuu. Faida yake ni hiyo ya bei. Hasara yake ni kwamba habari inayotoka kipande kimoja kwenda kingine hupita kwanza katikati, na safari hiyo huchukua muda. EPYC ina kumbukumbu ya karibu ya megabaiti 256, na Xeon ina megabaiti 38.5 tu; lakini ile ya EPYC imegawanywa mafungu ya megabaiti 16, kila fungu likitumiwa na viini vinne.

Wingi wa viini si kasi

Mwaka 1967 mhandisi Gene Amdahl alieleza kanuni ambayo mnunuzi wa prosesa hapaswi kuisahau. Karibu kila kazi ina sehemu inayoweza kugawanywa na sehemu isiyogawanyika. Wavunaji 64 watamaliza shamba la mpunga upesi kuliko wavunaji 28. Lakini ikiwa magunia yote hayana budi kupita kwenye mzani mmoja, wavunaji watapanga foleni.

Kwa programu ambayo asilimia 10 ya kazi yake haigawanyiki, viini 28 huongeza kasi mara 7.6 kuliko kiini kimoja, na viini 64 huongeza mara 8.8. Viini vimezidi maradufu, lakini faida iliyopatikana ni kama asilimia 16. Tofauti ndogo kiasi hicho yaweza kufutwa na wepesi wa mapigo ya Xeon. Kinyume chake, ikiwa sehemu isiyogawanyika ni asilimia 1 tu, viini 28 huongeza kasi mara 22, na viini 64 mara 39. Hapo EPYC huacha mwenziwe mbali. Seva inayopokea maombi ya maelfu ya watu wasiohusiana hukaribia hali hii ya pili.

Liko pia suala la hesabu za desimali zinazotumika katika utafiti. Kiini cha Xeon hiyo chaweza kukamilisha hesabu 32 za aina hiyo kwa pigo moja. Kiini cha EPYC hiyo, hesabu 16. Kwa programu iliyoandikwa ili kutumia uwezo huo, pengo la 28 kwa 64 hugeuka kuwa 896 kwa 1,024 kwa kila pigo, ingawa kazi hizo nzito huilazimisha Xeon kupunguza mapigo yake.

Kadhalika kiini hakifanyi kazi kama hakiletewi habari. EPYC ina njia nane za kumbukumbu kuu, zenye uwezo wa gigabaiti 204.8 kwa sekunde. Xeon ina njia sita, zenye uwezo wa gigabaiti 140.8. Kwa jumla EPYC imetangulia. Lakini fungu la kila kiini ni gigabaiti 3.2 kwa EPYC na 5.0 kwa Xeon. Wafanyakazi wengi huhitaji chakula kingi.

Gharama zilizofichika

Bei ya prosesa ni mwanzo tu wa gharama. Prosesa ya wati 225 ikifanya kazi kwa kiwango hicho mwaka mzima hutumia uniti 1,971 za umeme. Ya wati 205 hutumia 1,796. Umeme huo wote hugeuka joto, na katika miji kama Dar es Salaam au Mombasa joto hilo huondolewa kwa umeme mwingine. Hata hivyo, kwa kila kiini EPYC hutumia wati 3.5 na Xeon wati 7.3. Kwa hiyo, penye kazi ya kuvitosha viini vyote, EPYC huwa na nafuu.

Leseni za programu nazo hubadili hesabu. Mwezi wa Februari 2020 kampuni ya VMware ilitangaza kwamba leseni yake ya prosesa moja ingetosha viini visivyozidi 32. Mwenye EPYC 7742 akahitaji leseni mbili, na mwenye Xeon 8280 akahitaji moja.

Mwezi huo huo Intel ilitoa Xeon Gold 6258R, yenye viini 28, mapigo ya msingi yale yale ya gigahezi 2.7, kumbukumbu ya karibu ile ile, na wati zile zile 205. Bei yake ilikuwa dola 3,950. Tofauti kubwa ni kwamba Xeon 8280 huweza kuunganishwa hadi nane katika mashine moja, na 6258R huunganishwa mbili tu, kama EPYC. Asiyehitaji zaidi ya mbili, aliyelipa dola 10,009 mwezi mmoja kabla, alikuwa amelipia uwezo ambao hangeutumia kamwe.

Hakuna prosesa iliyo bora kwa kila kazi. Kabla ya kununua, yapasa kuuliza: kazi yenyewe hugawanyika kwa kiasi gani? Leseni huhesabiwa kwa prosesa au kwa viini? Umeme na ubaridi vitagharimu kiasi gani kwa miaka yote ya matumizi? Kisha programu ile ile itakayotumika ijaribiwe juu ya mashine zote mbili, na gharama yote igawanywe kwa kazi iliyofanyika. Jibu litakalopatikana hapo ndilo thamani.