Pikipiki ya Matairi Manne kwa Anayeanza: Chombo cha Kuaminika ni Kipi?

Joto linapoanza kupungua mwezi wa Oktoba katika jimbo la Sharqiya nchini Oman, barabara ya kwenda Bidiya hujaa magari ya familia zinazoelekea kwenye mchanga. Miji ya upande huo, Ibra, Mudhairib na Bidiya yenyewe, ina nyumba nyingi ambamo Kiswahili husemwa hadi leo, kwa kuwa wazee wa nyumba hizo waliishi Zanzibar na kwingineko katika mwambao wa Afrika ya Mashariki. Kwa vijana wao, matembezi ya jangwani hayakamiliki bila pikipiki ya matairi manne. Na baba mwenye watoto wawili au watatu, akichoka kukodi, huanza kuuliza anunue ipi.

Swali hilo huulizwa fundi au muuzaji, na ni nadra kuulizwa tabibu. Hata hivyo tabibu ana la kusema, kwani chombo kilichochaguliwa vibaya mwishowe humfikia yeye, katika sura ya mtulinga uliovunjika, bandama iliyopasuka au kifua kilichobanwa.

Kwa fundi, mashine ya kuaminika ni ile inayowaka asubuhi kwa mguso mmoja. Kwa anayejifunza, neno hilo lina maana pana zaidi: ni chombo kinachoutii mkono wake, kisichomzidi kwa uzito wala kwa nguvu, wala kisichofanya jambo ambalo hakulitarajia. Jina la kampuni lina nafasi yake katika hesabu hiyo, lakini ni nafasi ya mwisho.

Ili tuelewe sababu, tutazame namna chombo hiki kinavyokata kona. Watu wengi hudhani kwamba matairi manne ni salama kuliko mawili, kwa kuwa hayaanguki yakisimama. Lakini katika pikipiki nyingi za aina hii, hasa za michezo, matairi mawili ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja isiyo na difu. Yote mawili huzunguka kwa kasi ileile. Kwenye kona, tairi la ndani hupita njia fupi kuliko la nje, hivyo halina budi kuteleza. Mchangani huteleza kwa urahisi. Kwenye lami halitelezi, huuma, na chombo huinuka upande mmoja. Ndiyo maana lami si mahali pake hata kwa safari ya kwenda dukani. Kinachosaidia tairi la ndani kuteleza ni mwili wa dereva, anapokanyaga kwa uzito wake kikanyagio cha nje huku kiwiliwili kikiegemea ndani ya kona. Kwa maneno mengine, uzito wa dereva ni sehemu ya usukani.

Sasa mfikirie mtoto wa kilo 35 juu ya chombo cha kilo 200. Hata akifundishwa vizuri kuegemea, uzito wake hautoshi kubadili chochote. Na chombo kikimpindukia, hana nguvu ya kukisukuma. Mwaka 1988 makampuni makubwa yaliyokuwa yakiuza vyombo hivi Marekani yalikubali, katika mapatano na serikali yaliyothibitishwa na mahakama, kuacha kuuza vile vya magurudumu matatu na kuweka mipaka ya umri, ambapo injini inayozidi sentimita za ujazo 90 ilitengwa kwa walio na miaka 16 na zaidi. Chama cha madaktari wa watoto cha nchi hiyo kimekwenda mbali zaidi: kinashauri kwamba mtoto wa chini ya miaka 16 asiendeshe kabisa wala asipakiwe. Mzazi atakayeona ushauri huo ni mkali mno, basi na ashike ule mpaka wa injini bila kuulegeza, anunue kile kidogo chenye skrubu ya kuzuia mwendo na kamba ya kuzima injini, na akae karibu. Hoja ya kwamba mtoto «atakikulia» chombo kikubwa inafaa kwa viatu na kanzu.

Kwa mtu mzima anayeanza, injini ya sentimita za ujazo kati ya 230 na 420 hivi inatosha. Mfano mzuri ni Honda TRX250X: injini yake ni ya 229, huwashwa kwa kitufe, ina gia ya kurudi nyuma, na klachi yake hujiendesha yenyewe ingawa gia hubadilishwa kwa mguu. Nguvu hufikishwa nyuma kwa shafti iliyofunikwa, si kwa mnyororo, na mchanga hupenda sana kutafuna minyororo. Linganisha na Yamaha Raptor 700, ambayo injini yake ni ya 686, karibu mara tatu. Hiyo ni mashine bora sana mikononi mwa mzoefu. Kwa mgeni, kidole gumba kikibonyeza kwa hofu badala ya kuachia, hakuna nafasi ya kusahihisha.

Lakini udogo nao una mpaka. Mtu wa kilo 95 juu ya injini ya 229 katika mchanga laini atajikuta akizama kwenye mwinuko, na atakachojifunza haraka ni kuuvamia mlima kwa kasi toka mbali ili afike juu. Tabia hiyo ndiyo inayorusha watu upande wa pili. Kwake, chombo cha daraja la 400 ni salama zaidi, kwa sababu kinapanda polepole. Kwa njia za changarawe na mabondeni, ambako hakuna mwinuko laini, kile kidogo kitamfaa bila shida.

Kabla ya kulipa, panda na upime. Simama juu ya vikanyagio: kati ya makalio na kiti pabaki nafasi ya sentimita 8 hadi 15. Zungusha usukani hadi mwisho, kushoto na kulia. Viwiko vibaki vimekunjika kidogo na kidole gumba kiendelee kufikia kibonyezo cha mafuta. Kisha ubonyeze kibonyezo hicho usukani ukiwa umezungushwa kabisa, na ukiachie. Kama hakirudi chenyewe mara moja, usikinunue chombo hicho, hata kikiwa cha bei ya kutupa.

Kwa kilichotumika, sehemu inayosema kweli kuliko muuzaji ni kasha la kichujio cha hewa. Lifungue. Ukikuta mchanga upande wa ndani, baada ya sifongo, jua kwamba umekwisha kuingia kwenye silinda, na injini hiyo imekwisha kusagika hata kama inanguruma vizuri. Sifongo hilo husafishwa na kutiwa mafuta yake kila baada ya siku ya jangwani. Tikisa kila gurudumu kusikia beringi zilizolegea, na utazame chini ya fremu kama kuna mahali palipochomelewa upya.

Upepo wa matairi haya ni mdogo sana, mara nyingi kati ya psi 4 na 7, na kiasi halisi huandikwa kwenye kibandiko cha chombo na katika kitabu chake cha maelekezo. Kipimo cha kituo cha mafuta kimetengenezwa kwa matairi ya gari na hakisomi vizuri chini namna hiyo, basi nunua kipimo chake. Tofauti ndogo kati ya kushoto na kulia huvuta usukani upande mmoja.

Mchanga wa Sharqiya una matuta marefu yanayofikia kama mita 100 kwenda juu. Upande unaopigwa na upepo huwa mgumu na wa mteremko wa pole. Upande wa kisogoni huwa laini na mkali, kiasi cha nyuzi 32 hadi 34, na haonekani mtu wala gari lililoko chini yake. Karibu na kilele punguza mwendo na ugeuke kufuata ukingo, uone kwanza. Bendera ndefu nyuma ya chombo humwonyesha aliyeko upande wa pili kwamba unakuja. Saa sita mchana vivuli hupotea na shimo huonekana kama uwanda. Anayejifunza aende asubuhi au alasiri. Kofia ngumu, miwani, glavu na viatu vinavyofunika vifundo si mapambo. Na kama kiti kimetengenezwa kwa mtu mmoja, hakuna abiria.

Kuna wagonjwa wanaopaswa kuzungumza nasi kwanza: wenye kifafa ambacho hakijatulia, wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda au zinazoleta usingizi, na waliofanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo. Wajawazito wasipande. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda akigonga kichwa, aletwe hospitali hata kama anacheka na kuongea.

Ajali ikitokea, zimeni injini kwanza. Aliyelaliwa na chombo kifuani hawezi kupanua mbavu, na dakika chache zinatosha kumuua. Hivyo watu wawili au watatu wakinyanyue moja kwa moja juu, wasikiburute juu yake. Katika Australia hatari hiyo ilichukuliwa kwa uzito kiasi kwamba tangu Oktoba 2021 pikipiki mpya za matairi manne za kazi za jumla lazima ziwe na fremu ya kumkinga dereva asilaliwe. Akishatolewa, shingo isipindwe; kofia isivuliwe isipokuwa inazuia pumzi; damu inayotoka ikandamizwe. Namba ya dharura nchini Oman ni 9999, na mpigaji awe tayari kusoma mahali alipo kwenye simu yake, kwa kuwa «nyuma ya tuta kubwa» si anwani.

Kwa mwenzetu wa zamu atakayempokea: mvue nguo zote na utazame tumbo. Alama ya mviringo iliyoachwa na ncha ya usukani, hata ikiwa ndogo kama sarafu, huweza kuficha ini au bandama iliyopasuka, au utumbo uliotoboka, hasa kwa mtoto. Shinikizo la damu la mtoto hukaa sawa kwa muda mrefu wakati damu ikivuja ndani, kisha huanguka ghafla. Mapigo ya moyo yanayopanda ndiyo hutangulia kusema. Mweke chini ya uangalizi, rudia kumpima tumbo, na ikiwezekana umfanyie altrasaundi, kabla ya kumruhusu arudi kambini kwa wenzake.