Makubaliano ya mdomo yaliyowagombanisha Senna na Prost

KATIKA mbio za langalanga, yaani Formula One, mpinzani mkubwa wa dereva huwa ni yule anayevaa sare moja naye. Dereva akishindwa na mtu wa timu nyingine, atasema injini ya mwenzake ina nguvu zaidi. Akishindwa na mwenzake wa timu, hana la kusema, kwa kuwa magari yote mawili yametoka karakana moja.

Ayrton Senna wa Brazil na Alain Prost wa Ufaransa waliyaonja hayo katika timu ya McLaren ya Uingereza mwaka 1988 na 1989. Prost alikuwa mwenyeji, tayari bingwa wa dunia mara mbili. Senna alikuja bila taji, ila kwa kasi alikuwa hana mfano.

Mwaka wa kwanza biashara ilikwenda vizuri. Kati ya mbio 16, McLaren ilishinda 15: Senna 8, Prost 7. Prost alikusanya pointi 105 na Senna 94, lakini kanuni za wakati ule zilihesabu matokeo 11 bora tu ya kila dereva. Kwa hesabu hiyo Senna alipata 90 na Prost 87, taji likaenda kwa Senna.

Ugomvi ulilipuka Imola, Italia, Aprili 23, 1989. Kabla ya mbio walikubaliana kwa mdomo kwamba atakayetangulia kuelekea kona ya kwanza, mwenzake asimpite hapo. Lilikuwa wazo la busara, wasije wakagongana mapema na timu ikakosa yote.

Senna alitangulia, Prost akatimiza ahadi. Muda mfupi baadaye Ferrari ya Gerhard Berger iligonga ukuta na kuwaka moto, mbio zikasimamishwa. Zilipoanzishwa tena, Prost ndiye aliyetangulia. Senna akampita kwenye kona ile ile, akaenda kushinda.

Prost alisema ahadi imevunjwa. Senna alijitetea kwamba walikubaliana kuhusu kuanza kwa mbio, si kuanzishwa upya.

Wafanyabiashara wa mipakani wanaijua kesi ya namna hii. Wawili wanakubaliana kugawana nauli ya lori moja. Lori linaharibika njiani, mzigo unahamishiwa lori la pili. Je, makubaliano yanaendelea au yameishia pale? Kama halikusemwa mapema, kila mmoja ataona haki iko upande wake.

Mkuu wa timu, Ron Dennis, aliwaweka kitako, na Senna akaomba radhi. Lakini Prost aliyaeleza mambo hayo kwa gazeti la Ufaransa la L'Équipe. Sasa ikawa zamu ya Senna kuona amesalitiwa: maneno ya ndani yamepelekwa sokoni. Uhusiano wao ukafa, na Prost akaamua kuhamia Ferrari.

Oktoba 22, huko Suzuka, Japani, Senna alilazimika kushinda ili abaki na matumaini ya taji. Zikiwa zimebaki raundi chache alijaribu kumpita Prost kwa ndani, Prost akafunga njia, magari yakanasana. Prost alishuka. Senna alisukumwa, akaendelea na kumaliza wa kwanza, kisha akaondolewa kwenye matokeo kwa kukata njia. Prost akawa bingwa.

McLaren ilikata rufaa kumtetea Senna, ingawa bingwa mpya naye alikuwa dereva wake. Rufaa ilishindwa, na Prost akaondoka na taji lake kwenda kwa washindani. Mwaka uliofuata, hapo hapo Suzuka, Senna alimgonga Prost kwenye kona ya kwanza, wote wakatoka, na safari hiyo bingwa akawa Senna.

Walipatana Prost alipostaafu. Novemba 1993, huko Adelaide, Australia, Senna alimvuta mpinzani wake hadi juu ya jukwaa la mshindi. Amani hiyo haikudumu hata miezi sita. Mei 1, 1994, Senna alifariki kwa ajali Imola, kwenye uwanja ule ule walikokosana. Prost alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake.