Damu isipoongezwa, izuiwe isimwagike

Kutoka Matema kwenda Ikombe, milima ya Livingstone inateremka mpaka majini. Watu wengi hupita ziwani, kwa mitumbwi hiyohiyo inayobeba vyungu vya Wakisi kwenda sokoni. Mtu akijikata panga pajani huku, hata kama anakubali kuongezewa damu, damu yenyewe iko mbali. Ndiyo maana njia za kumwokoa anayeikataa, kama wafanyavyo Mashahidi wa Yehova, zinamhusu kila mkazi wa mwambao huu.

Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi, na tiba ya kuilinda huanzia mtumbwini. Kunja kanga, ibane kwenye kidonda kwa viganja viwili na uzito wako wote. Usiinue kuchungulia, utabandua damu iliyoanza kuganda. Mguu ukizidi kumwaga, funga kitambaa kipana kati ya jeraha na nyonga, kikaze kwa kijiti, na ukumbuke saa uliyofunga. Kisha mfunike majeruhi. Upepo wa ziwa humpoza, na mwili uliopoa damu yake haigandi vizuri.

Hospitalini, dawa ninayoithamini kuliko zote ni asidi ya traneksamiki, tunda la kazi ya Wajapani wawili, Utako Okamoto na mumewe Shosuke, mwaka 1962. Haiongezi damu, huzuia bonge lililokwisha kuganda lisiyeyuke. Utafiti wa CRASH-2 wa mwaka 2010, wenye majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulithibitisha kuwa inapunguza vifo. Lakini itolewe ndani ya saa 3. Ikichelewa inaweza kudhuru. Wanawake wanaotokwa damu nyingi baada ya kujifungua nao huipata.

Daktari wa upasuaji naye asisubiri. Mimba iliyotunga nje ya kizazi ikipasuka, damu iliyojaa tumboni yaweza kuchotwa, kuchujwa na kurudishiwa mwenyewe. Baadhi ya Mashahidi huikubali njia hii, wengine huikataa. Mgonjwa aulizwe faraghani, bila kukaripiwa.

Hatari ipo, na aambiwe waziwazi. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walichapisha habari za wagonjwa 300 waliofanyiwa upasuaji bila kuongezewa damu. Kati ya wenye wingi wa damu wa gramu 7.1 hadi 8 kwa desilita baada ya upasuaji, hakuna aliyekufa ndani ya siku 30. Wenye gramu 4.1 hadi 5, theluthi moja walikufa.

Kwa hiyo anayeanza na damu pungufu hana akiba ya kupoteza, na malaria ya mwambao wa Kyela huila akiba hiyo kimyakimya. Mama mjamzito, meza vidonge vya kuongeza damu unavyopewa kliniki, lala ndani ya chandarua, kula usipa na mboga za majani. Nawe usiyetaka kuongezewa damu, mweleze mhudumu wa zahanati leo, ungali mzima, na kadi yako ya kukataa damu itembee nawe mpaka mtumbwini.