Treni ya dukani au ya mkebe? Nimejaribu zote mbili

Wacha nianze na aibu. Treni yangu ya kwanza ilianguka kwenye kona ya kwanza, mbele ya watoto wote wa ploti yetu hapa Kitale. Nilikuwa nimeiunda kwa wiki tatu: kichwa mkebe wa Kimbo, mabehewa pakiti za maziwa, magurudumu vifuniko vya soda, mota nimeitoa kwa redio ya kaseti iliyokufa. Kamtoi kamoja kakasema, "Kwani hiyo ni mkokoteni?" Nilikunja reli zangu za waya nikaingia ndani.

Kama ulikulia pande hizi unajua gari la waya, lile la usukani mrefu na magurudumu ya slipa kuukuu. Gari la waya linasamehe. Likikosea kona unalirudisha na usukani. Treni haisamehi. Mimi nilikuwa nimefunga ekseli moja kwa moja kwa mkebe, kwa hivyo kitu chote kilikuwa kigumu kama rungu. Behewa refu la kweli hukalia vigari viwili vidogo vya magurudumu, na kila kimoja hugeuka chenyewe kona ikifika. Tena gurudumu la treni lina ukingo upande wa ndani, unaolizuia kuhama reli. Kifuniko cha soda kina meno tu. (Nilisomea uhandisi mihula mitatu kabla karo kugoma. Somo la ekseli halikuwa limefika.)

Nikaamua kununua. Niliipata kwa mitumba Nairobi, bila boksi, elfu nne mia tano: kichwa cha dizeli cha Ulaya, mabehewa mawili na reli za kutengeneza duara. Mathe aliposikia bei alinyamaza siku nzima. Hiyo pesa ilikuwa nusu ya deni la mwisho la chuo, naye anajua hesabu kuniliko.

Treni za aina hii hutumia umeme wa volti 12 unaopita ndani ya reli. Sikuwa na chombo chake, nikaazima betri ya bodaboda. Wasee, ilitoka mbio kama imeibiwa, ikaruka kutoka mezani. Nikabadilisha nikaweka chaja kuukuu ya simu, volti 5, na hapo ikatembea polepole, kwa heshima, kona baada ya kona. Nakiri, siku hiyo nilisahau mkebe kabisa.

Jumamosi nikaibeba kwenye matatu, Kiminini, Kamukuywa, hadi Bungoma kwa babu. Ujana wake alipakia mizigo stesheni. Aliinama akaitazama ikizunguka, muda mrefu.

"Mjukuu wangu, ni nzuri. Lakini hii si yetu. Reli yake ni pana."

Nilidhani ni macho ya uzee. Nikapima: milimita 16.5. Treni hiyo imepunguzwa mara 87, na ukizidisha unapata kama milimita 1,435, ambao ndio upana wa SGR. Reli ya zamani inayopita Bungoma kwenda Malaba ni milimita 1,000 tu, sawa na tawi lililofika Kitale 1926. Mzee alikuwa sahihi, na hakuwa na rula.

Hapo ndipo mjadala wa kununua au kuunda uliniishia. Ya dukani inatembea, lakini inatembea kwao. Sijaona duka hapa linalouza, kwa mfano, Garratt za daraja la 59, zile injini 34 za mvuke zilizoundwa na Beyer Peacock kule Manchester kuanzia 1955. Zilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250, rangi ya damu ya mzee, na kila moja ilipewa jina la mlima. Mount Gelai ingali kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Moja iliitwa Mount Elgon, ingawa kazi yao kubwa ilikuwa Mombasa hadi Nairobi. Sisi wenye mlima tukabaki na jina.

Basi nimepiga hesabu kinyume. Nikipunguza mara 60 badala ya 87, reli yetu ya mita moja inakuwa karibu milimita 16.5 zilezile. Yaani magurudumu na mota ya mtumba vinafaa. Mwili ndio wa kuunda. Wanaosema ukinunua kipande chochote umedanganya, wajaribu kuchonga gurudumu kwa kifuniko cha soda kwanza.

Garratt yenye urefu wa karibu mita 32 inatoka sentimita 53. Ina seti mbili za magurudumu, mbele na nyuma, na boila imening'inia katikati. Hiyo ndiyo siri yake kwa kona. Tangi la mbele nimeshalehemu, limepinda kidogo. Babu amepewa kazi ya kuchagua rangi na tayari amekataa mbili.

Boila imekwama. Inahitaji mkebe wa Kimbo, na mathe ameuficha. Anasema mafuta hayajaisha.