Peter Snow: Kutoka mchanga wa studio hadi moto wa Ikulu

Vita vya Ghuba vilipopamba moto mwaka 1991, watazamaji wa BBC walizoea kuona kila usiku meza kubwa iliyojazwa mchanga. Juu yake vilipangwa vifaru vidogo vya mfano, na kando yake alisimama bwana mmoja mrefu, mwembamba, mikono ikipepea hewani, akieleza jeshi lipi limesogea, limeelekea wapi na kwa nini.

Bwana huyo ni Peter Snow, aliyekuwa mtangazaji wa kipindi cha Newsnight tangu kilipoanza mwaka 1980 hadi 1997. Waingereza wengi wanamkumbuka zaidi kwa usiku wa uchaguzi, akihangaika mbele ya mshale mkubwa unaoonyesha kura zinaegemea chama gani. Wako waliomcheka kwa mbwembwe zile. Lakini ukivisoma vitabu vya historia ya vita alivyoviandika akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, unaona kwamba mbwembwe hizo zilimfunza kazi. Mtu aliyezoea kupewa dakika chache aeleze vita vizima kwa watu waliochoka na kazi za mchana hamjazi msomaji namba za vikosi na vyeo vya maofisa mpaka akakifunga kitabu.

Jeshi limo ndani ya ukoo wake. Snow alizaliwa Dublin mwaka 1938, baba yake akiwa ofisa wa jeshi, na yeye mwenyewe alitumikia jeshi kwa mujibu wa sheria kabla ya kwenda Oxford. Babu yake, Jenerali Thomas D'Oyly Snow, ndiye aliyesimamia shambulio la Gommecourt, Ufaransa, tarehe 1 Julai 1916. Lilikuwa shambulio la kuwazuga Wajerumani wakati mapigano makubwa ya mto Somme yakianza upande wa kusini. Divisheni zake mbili zilipata hasara ya watu zaidi ya 6,700, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea, na jioni ilipofika hawakuwa na hata shubiri ya ardhi mpya. Baadaye jenerali akailaumu divisheni moja kwamba haikuwa na ari ya kupigana. Mwenye babu kama huyo ana sababu ya kuwatazama majenerali kwa jicho la pembeni.

Na jicho hilo liliwahi kumponza. Mwaka 1982, Uingereza ilipopigana na Argentina kugombea visiwa vya Falkland, Snow alizipima hewani taarifa za pande zote mbili, akiwataja Waingereza kama upande mmojawapo badala ya kusema "majeshi yetu". Baadhi ya wabunge wa chama tawala walikuja juu, ikafika mahali mmoja akakaribia kumwita msaliti. Kwa maoni yangu, kwa mwanahistoria hiyo ni sifa. Anayeshindwa kuipima taarifa ya jeshi la kwao atawezaje kuandika vita vya miaka 200 iliyopita?

Uandishi huu wa historia ya vita aliuanza pamoja na mwanawe, Dan, naye mtangazaji, wakitoa Battlefield Britain mwaka 2004, kitabu kilichoandamana na kipindi cha televisheni. Hicho kina picha na ramani nyingi, na huwezi kukilaumu kwa hilo. Vitabu alivyoandika peke yake ndivyo vyenye uzito. To War with Wellington, cha mwaka 2010, kinalifuata jeshi la Wellington, jenerali wa Uingereza, kutoka Ureno mwaka 1808 hadi Waterloo mwaka 1815. Kilichofuata mwaka 2013 kinasimulia jinsi Waingereza, wakiwa vitani na Marekani, walivyoichoma Washington, mji mkuu wa nchi hiyo.

Mbinu yake ni kuwapa nafasi waliokuwepo. Barua na shajara za askari hubeba hadithi, mwandishi akiingia kati kidogo tu kunyoosha ramani. Kuna Harry Smith, ofisa kijana aliyepigana chini ya Wellington Hispania, akamuoa huko binti wa miaka 14 aliyekimbia mji wa Badajoz ulipokuwa ukiporwa na askari wa Uingereza wenyewe. Miaka miwili baadaye yuko Washington, mji unawaka moto, naye anasikitika. Kuchoma maghala ya silaha aliona ni halali ya vita. Kuchoma Bunge na nyumba ya Rais kulimtia aibu.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 24 Agosti 1814. Wamarekani, ingawa walikuwa wengi kuliko adui, walikuwa wametoka mguu niponye kwenye uwanja wa vita wa Bladensburg, karibu na mji, Rais James Madison akiwa miongoni mwa waliokimbia. Ikulu meza ilikuwa imeshaandaliwa. Waingereza walipoingia waliketi, wakala chakula cha Rais, wakanywa mvinyo wake, ndipo wakaitia nyumba moto.

Nani aliiandaa meza ile? Mtumwa wa miaka 15, Paul Jennings. Katika kumbukumbu alizozichapisha mwaka 1865, anaeleza kwamba aliandaa meza mwenyewe, akaleta bia na mvinyo na kuvipoza. Humo humo anaikana hadithi inayopendwa sana Marekani, kwamba mke wa Rais, Dolley Madison, aliitoa mwenyewe picha kubwa ya George Washington. Jennings anasema walioishusha ukutani ni bawabu Mfaransa na mtunza bustani.

Jennings aliacha maandishi; wengi kama yeye hawakuacha. Hapa ndipo penye udhaifu wa historia ya barua na shajara, iwe ya Snow au ya mwingine yeyote: asiyejua kuandika hasikiki. Katika kampeni ile ile, watumwa waliotoroka mashambani Virginia na Maryland walivalishwa sare za Uingereza, wakapewa bunduki, wakapigana Bladensburg dhidi ya mabwana zao wa jana. Vita vilipokwisha, wengi wao walipewa ardhi Trinidad, na wazao wao wako huko mpaka leo. Ofisa wa miaka 18 aliyekuwa na wino na karatasi tunamfahamu mpaka kiatu alichovaa. Hawa, hata majina yao tunayapata kwenye orodha za jeshi tu.

Snow anastahili kusomwa hivyo hivyo, kwa kuwa hakuna anayemzidi kwa kukuwekea uwanja wa vita mbele ya macho. Anayetaka kumjaribu aanze na kitabu cha Washington. Akikimaliza, asitafute kingine cha majenerali: atafute kijitabu cha Jennings, ambacho unakimaliza kwa kikao kimoja.