Mchezo wa kupigana: kwa nini hauishi?

Wazazi wengi wanauliza: huu mchezo wa kupigana kwenye televizyo, ambao vijana wanaukimbilia jioni wakitoka kazini ao masomoni, utaisha lini? Swali ni la haki. Nyimbo za mwaka jana zimekwisha kusahauliwa, filamu za mwaka juzi hakuna anayeziulizia tena. Lakini yule mpiganaji mwenye kichwa cha chui angali anarusha watu chini, na kaka aliyemcheza akiwa mtoto leo anamwangalia mtoto wake mwenyewe akimcheza. Basi sisi tumeona afadhali kuuliza kwanza kwa nini hauishi.

Tuanze na umri wake. Tekken ilitoka Japani mwaka 1994, katika kampuni ya Namco. Ya tatu, ile ya Eddy Gordo wa Brazil anayepigana kichwa chini miguu juu, ilitoka mwaka 1997 katika mashine za kutia sarafu, na mwaka 1998 ikaingia katika PlayStation. Ya tano ilifika kwenye PlayStation 2 mwaka 2005. Mashine hiyo ya pili iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani kote, na kiwanda kiliacha kuitengeneza mwanzoni mwa mwaka 2013. Unaona sasa: zile mashine za okazyo tunazozijua huku Afrika, wenye kiwanda walikwisha kuziaga zamani. Na vijana wengine hawana hata haja nazo. Wanatia katika simu ile Tekken 6 ya mwaka 2009, iliyofanywa kwa ajili ya mashine ndogo ya mkononi PSP, na wanaendelea.

Kabla ya Tekken kulikuwa Street Fighter II, ya mwaka 1991, ya kampuni ya Capcom. Hapo kuna jambo la kuchekesha. Zile ngumi za mfululizo, ambazo vijana wanaziita kombo, hazikupangwa. Mtengenezaji mmoja aliona kwamba ukipiga kwa wakati sawasawa, ngumi ya pili inaingia kabla adui hajajikinga. Lilikuwa kosa la mashine. Wakaliacha, maana waliona ni gumu kulifanya na halitaharibu kitu. Leo mtu akitengeneza mchezo wa kupigana bila kombo, nani atauchukua?

Kosa hilo lilifungua mlango. Mchezo ulipata mambo ambayo hata mwenye kuutengeneza hakuyajua, na wachezaji wakaanza kuyatafuta wao wenyewe, sawa na mzee wa bao anayevumbua njia mpya ya kula kete katika ubao wa babu yake. Ukipiga, yule anakinga. Akikinga sana, unamshika na kumtupa. Akingoja kushikwa, unampiga. Hakuna pigo lisilo na jibu, na kila jibu lina jibu lake. Mtu anaweza kukaa miaka kumi hapo na bado akafundishwa kitu na mtoto.

Lakini uzuri wa mchezo peke yake hautoshi. Michezo mizuri mingi imekufa. Kinachobaki ni watu, na tena watu wanaokaa pamoja.

Mwaka 1996, kule California, Marekani, vijana kama arobaini hivi walikutana kushindana katika Street Fighter. Hakuna kampuni iliyowaita. Mkutano ule uliendelea, na mwaka 2002 ukapata jina la Evo, ambalo kila mchezaji wa kupigana analijua. Katika Evo ya mwaka 2004, Mjapani Daigo Umehara alibakiza uhai kidogo kama uzi, hata kukinga kwa kawaida kungemwua. Mmarekani Justin Wong akamrushia mateke 15 ya mfululizo. Daigo akayapangua yote 15, moja moja, kisha akampiga na kushinda pigano lile. Mwisho wa mashindano Daigo hakuchukua ubingwa, alishindwa katika fainali na Mjapani mwenzake. Ni nani anayemkumbuka yule bingwa? Watu wanakumbuka yale mateke 15, na vijana wengi waliuingia mchezo kwa sababu ya picha zile tu.

Sasa tuje kwa watu wanaofanana nasi zaidi. Huko Lahore, Pakistan, vijana walikuwa wanacheza Tekken katika vyumba vya mtaani. Unanunua tokeni, unatia, unacheza. Ukishinda unabaki kwenye kiti. Ukishindwa unasimama, unatafuta tokeni ingine, unapanga mstari. Dunia haikuwajua. Mwezi wa pili mwaka 2019, mmoja wao, Arslan Siddique anayeitwa Arslan Ash, alifika Fukuoka, Japani, baada ya safari ya taabu, akawapiga mabingwa na kuchukua taji. Mwezi wa nane mwaka huohuo akachukua na taji la Evo, Las Vegas. Walipomwuliza, akasema kwamba nyumbani kuna wengine wa kiasi chake. Mkorea Bae Jae-min, anayeitwa Knee, mmoja wa wakubwa kabisa wa Tekken, hakukaa kubishana. Alipanda ndege mwaka uleule akaenda Pakistan kujionea mwenyewe, na kweli akawakuta.

Nguvu ya vyumba vile ilikuwa wapi? Kwa maoni yetu, ilikuwa kwa yule aliyeshindwa. Alisimama nyuma ya kiti, akaangalia namna alivyopigwa, akauliza, kisha akarudi. Mshindi mmoja anahitaji washindwa wengi wanaorudi kesho. Wasiporudi, anabaki na kiti na mashine, basi.

Afrika ya Mashariki pia haijalala. Sylvia Gathoni wa Kenya, anayeitwa QueenArrow, alichukuliwa mwaka 2018 na timu ya nje kucheza Tekken, huku akisomea sheria. Mabinti wetu wanaoambiwa kwamba maneti ni ya wavulana, wasikie hilo.

Na wako walioukomboa mchezo ulioachwa na wenyewe. Super Smash Bros. Melee ilitoka mwaka 2001, na kampuni ya Nintendo haikuushughulikia tena. Wachezaji wakatunza televizyo za zamani zenye mgongo mkubwa, kwa sababu zile bapa zinachelewesha pigo. Mwaka 2020, wakati wa korona, mmoja wao alitengeneza programu ya kuwakutanisha kwa intaneti. Badala ya kungoja habari za adui zifike, mashine inabahatisha atakachofanya, na ikikosea inajisahihisha mara moja, hata jicho halioni. Jina lake la mchezo ni Fizzi. (Hapana, si mtoto wa Fizi yetu! Tuliuliza hivyo pia.)

Turudi huku kwenye dhahabu. Hapa hatari si uzee wa mchezo, ni pesa. Mahali ambapo mtu anaweza kupata leo na kukosa kesho, kila kitu kinageuka kuwa dau. Wawili wanacheza, walio nyuma wanaweka franka, na yule anayejua sana anamla asiyejua. Mtoto aliyebeba mchanga mchana kutwa anarudi nyumbani mikono mitupu, na mama anangoja unga. Mara ya tatu harudi tena chumbani, ao anarudi na pesa ambayo si yake. Hapo mzazi ana haki ya kupiga kelele. Na mwenye chumba naye ajue kwamba anakula mbegu: watabaki watatu wanaojuana, hakuna mpya wa kukaa.

Wengine watasema: hata kwenye Evo watu wanalipa kuingia na washindi wanapata zawadi. Kweli. Lakini kiasi kinajulikana mbele, ni sawa kwa wote, na kinalipwa mara moja tu. Tena kule hutolewi kwa kushindwa mara moja. Ukipigwa, unashuka upande wa pili na kupambana na wengine waliopigwa. Ukipigwa mara ya pili ndipo unatoka, na aliyeanza vibaya anaweza kupanda mpaka fainali.

Mtindo huo unawezekana hata kwa televizyo moja na maneti mbili. Chukua watoto wanane. Kwa kutolewa mara mbili, mapigano ni 14, ao 15 kama fainali inarudiwa. Kila pigano, pamoja na kubadilishana viti, weka dakika nne. Ni saa moja ya jenereta. Anayepanga majina anaandika kwenye karatasi ukutani, mwenye chumba analipwa esansi yake, na kabla ya giza watoto wako nyumbani, kila mmoja amecheza si chini ya mara mbili.