Kocha, kitabu au bando: pesa yako inanunua pointi za chesi?

Bumu likiingia kila mtu ana mipango yake. Kwa wale walioambukizwa ugonjwa wa sataranji, au chesi kama wengi tunavyoiita, mpango mmoja hujirudia kila muhula: nilipie kocha wa mtandaoni, au ninunue kile kitabu kinachosifiwa, halafu pointi zipande. Hapo ni pesa ya kula inazungumziwa, kwa hiyo swali linahitaji jibu la maana. Ukilipa, unapanda kweli?

Tuanze na pointi zenyewe. Mfumo unaotumiwa na FIDE, shirikisho la chesi la dunia, tangu 1970 ulibuniwa na Arpad Elo, profesa wa fizikia nchini Marekani aliyezaliwa Hungaria. Mfumo huu haujali umesoma nini wala umemlipa nani. Unaangalia matokeo tu. Wachezaji wawili wakilingana pointi, kila mmoja anatarajiwa kupata nusu ya alama. Ukimzidi mwenzako pointi 100, unatarajiwa kupata asilimia 64. Ukimzidi 200, asilimia 76.

Sasa igeuze hesabu hiyo. Kupanda pointi 100 maana yake ni kwamba dhidi ya watu mnaolingana leo, badala ya kupata alama 5 katika michezo 10, uwe unapata kama 6 na nusu. Tofauti ni mchezo mmoja na nusu katika kumi! Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kutoa hela ni hili: ile michezo ninayopoteza, naipoteza kwa sababu gani? Kocha au kitabu kitakupandisha endapo kitagusa hapo. Wengi wetu tunaoanza tunapoteza kwa kuacha kete bila ulinzi, mpinzani anajichukulia bure. Mtu wa namna hiyo akinunua kitabu kinene cha namna ya kufungua mchezo, amenunua dawa ya ugonjwa ambao hana.

Watafiti wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2005 Neil Charness na wenzake walichapisha utafiti juu ya wachezaji wa mashindano, wakaona kwamba kati ya shughuli zote za chesi, saa ambazo mtu amekaa peke yake akijifunza kwa dhati ndizo zilizoeleza vizuri zaidi kiwango chake. Lakini tusishangilie mapema. Miaka miwili baadaye Fernand Gobet na Guillermo Campitelli waliwachunguza wachezaji wa Argentina, wakakuta kuna aliyefikia ngazi ya umasta kwa takriban saa 3,000 na kuna aliyehitaji zaidi ya 23,000. Jasho ni lazima, ila halilipi watu wote kwa bei moja.

Kuna mtego mwingine wa kuangalia. Utamsikia mtu anasema, "Nilinunua vitabu vitano nikapanda." Inawezekana. Lakini anayenunua vitabu vitano mara nyingi ndiye huyo huyo anayecheza kila siku. Tena, katika mfumo wa FIDE mchezaji mpya hutumia kizidisho cha 40 hadi afikishe michezo 30, kisha kinashuka hadi 20. Mwanzoni ukimshinda mtu wa kiwango chako unapata pointi 20. Baadaye ushindi huo huo unakupa 10. Kwa hiyo unaweza kupaa haraka siku za mwanzo, sifa akapewa kocha.

Je, kocha hana kazi? Anayo. Tutazame kwa majirani zetu Uganda. Phiona Mutesi alianza chesi mwaka 2005 katika mtaa duni wa Katwe, Kampala, kwa Robert Katende, ambaye aliwavuta watoto kwa kikombe cha uji. Kanuni za mwanzo alifundishwa na mtoto mdogo kuliko yeye. Mwaka 2012, kwenye Olimpiadi ya chesi mjini Istanbul, alipata taji la FIDE la wanawake la ngazi ya kwanza. Phiona hakuwa na ada ya kumlipa mtu. Ila tusidanganyane kwamba alijifunza bila mwalimu: Katende hakuwa grandmasta, lakini alikuwepo, na wenzake wa kucheza nao walikuwepo kila siku.

Sisi tunaosomea ualimu tunaliita jambo hilo mrejesho: mtu kukuonyesha kosa lako wakati bado unakumbuka ulichokuwa unawaza. Nenda kijiwe chochote cha drafti, iwe Kwamndolwa pale Korogwe au mtaani kwenu. Ukikosea, wazee waliokaa pembeni wanakuambia hapo hapo, tena kwa kelele. Hakuna anayelipa, na watu wanaiva. Ukimlipa kocha wa chesi, kitu halisi unachonunua ni mrejesho wa aina hiyo. Akikuhubiria saa nzima bila kufungua mchezo wako hata mmoja, umelipia twisheni ya kukremu.

Kitabu nacho ni kama desa: kukipitia kwa macho hakufaulishi mtu. Funika jibu, tafuta mwenyewe, kisha linganisha. Kitabu kimoja cha mafumbo kilichomalizwa namna hiyo kinazidi rafu nzima. Na kabla ya kununua, kumbuka Lichess ni ya bure, ina mafumbo, na ina programu ya Stockfish ya kuchambua michezo yako. Gharama yako ni bando. Angalizo: pointi za huko hazilingani na za FIDE, usizichanganye.

Ushauri wangu ni huu. Chukua michezo yako 20 ya mwisho uliyopoteza. Kabla ya kuiuliza programu, andika kwa kila mmoja sentensi moja: nilipotezea wapi, na kwa nini. Kama sababu unaziona, na nyingi ni zile zile, weka pesa yako mfukoni, fanya mafumbo kila siku. Kama umeangalia na bado huelewi kwa nini unashindwa, hapo kocha ana thamani. Mpelekee michezo hiyo 20, na mlipe kwa kipindi kimoja kwanza. Mkiwa watatu wanne mnaolingana, changeni. Kosa la mmoja ni somo la wote, na bumu litafika mwisho wa mwezi.